Huyo mwenye kikapu pichani ni mimi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Sijawahi kuandikia gazeti lolote, na hata sasa nisingeandika kama si simu nilizopigiwa kutoka Pangani siku tatu mfululizo.

Gazeti lako lilitoa picha ya maandamano ya Roma ya Jumapili tarehe 21 Aprili 2024. Mbele kuna askari wenye ngao nyekundu, nyuma yao wanawake waliojitanda mitandio myeupe, na pembeni kabisa, mkono wa kushoto, mama mmoja mweusi mwenye nguo ya kahawia amepakata kikapu. Chini ya picha mkaandika kwamba hao ni waigizaji wa filamu wakiwa mapumzikoni, na kwamba mmoja wao anaigiza mtumwa kutoka Afrika. Mtoto wa kaka yangu aliikuza ile picha kwenye simu yake akanitumia: "Shangazi, huyu si wewe?" Kabla sijajibu, picha ilishapita kwa dada yangu mkubwa, kwa mashemeji, hadi kwa jirani aliyeniuzia maandazi nikiwa darasa la pili. Dada alipopiga hakunisalimu. Alisema tu, "Miaka yote hiyo uko Ulaya, kumbe ulikwenda kuwa mtumwa?"

Ni mimi, Mhariri. Lakini haikuwa filamu, wala hatukuwa tumepumzika. Tulisimama kwa sababu mpiga tarumbeta alikatikiwa ukanda wa kiatu, na mimi nilikuwa nimetoka kuushona. Na sikuwa mtumwa kutoka Afrika. Nilikuwa fundi wa nguo. Mtumwa, ndiyo, hilo silikatai, lakini fundi, na wa Roma. Naomba nieleze, maana dada yangu husoma gazeti lako kuliko anavyosoma ujumbe wangu.

Tarehe 21 Aprili ni siku ya kuzaliwa mji wa Roma. Wazee wa huko walikubaliana tangu kale kwamba siku hiyo, mwaka 753 kabla ya Kristo, Romulo alichora mpaka wa mji kwa plau la kukokotwa na ng'ombe. Kwa hesabu yao, mwaka huu wa 2024 ulikuwa wa 2,777. Kabla ya kuwa sikukuu ya mji ilikuwa sikukuu ya wachungaji, waliowasha nyasi kavu na kuruka juu ya moto ili wao na mifugo yao watakasike. Siku hizi wanakusanyika Circo Massimo, lile bonde refu la mita 600 hivi kati ya vilima vya Palatino na Aventino ambako zamani farasi walishindanishwa. Wanawasha moto, wanachora upya ule mfereji wa Romulo, halafu wanaingia barabarani: askari, maseneta, mabikira wa mungu wa kike Vesta, walinda moto wake, na wapiganaji wa maonyesho ya uwanjani wenye nyavu na mikuki ya meno matatu. Mzigo mkubwa unabebwa na chama kinachoitwa Gruppo Storico Romano, kilichoanzishwa mwaka 1994, chenye makao Via Appia Antica. Vikundi vingine vinatoka nchi mbalimbali za Ulaya, kila kimoja na bendera yake, na kila kimoja kinaamini ngozi ya mbwamwitu ya mbeba bendera iliyo sahihi ni ya kwake.

Watu hawa hawalipwi. Wateja wangu ni karani wa posta, fundi bomba, daktari wa meno na mama mstaafu aliyefundisha hesabu. Kwa mwaka mzima wanabishana kuhusu msumari wa kiatu. Mwanzoni niliwacheka. Siku hizi siwacheki sana.

Mimi nilifika Roma mwaka 2003 kumtunza bibi mmoja mgonjwa. Alipofariki nilirudia kazi niliyofundishwa na mama yangu, nikafungua kijiduka cha kurekebisha nguo mtaa wa Torpignattara. Huko Wabangali ni wengi, na magofu ya mfereji wa maji wa Kirumi yanapita katikati ya nyumba za watu. Kupunguza suruali, kubadili zipu, kutia bitana, ndiyo maisha. Miaka sita iliyopita karani wa posta akaingia na shuka ya kitanda, poliesta tupu, inang'aa kama karatasi ya peremende. Anataka kuwa seneta. Nikamshonea. Wiki iliyofuata akarudi kichwa chini: wenzake wamemtoa kwenye mstari. Kwanza kitambaa. Pili, mshono wangu wa cherehani ulionekana kwenye pindo kutoka hatua tano.

Ndipo nilipoanza kujifunza, kwa ubishi zaidi kuliko mapenzi. Kanzu ya Mrumi ni vipande viwili vya mstatili vya sufu, vimeungwa mabegani na ubavuni, pameachwa nafasi ya kichwa na mikono. Basi. Hakuna kola, hakuna kwapa la kukata, hakuna shingo ya kukunja. Nilipoilaza juu ya meza nilicheka peke yangu: ni dera, Mhariri! Dera la sufu, la kufungwa mshipi kiunoni. Mwanamume anaivuta juu ya mshipi mpaka inafika magotini, mwanamke anaiacha ishuke hadi miguuni. Seneta anaongezewa michirizi miwili mipana ya zambarau kutoka mabegani hadi kwenye pindo, na mwenye cheo cha chini yake anapata myembamba. Ile toga inayowatoa watu jasho ni nusu duara ya sufu, urefu wake unapita mita tano, haina kifungo wala pini, inakaa kwa kukunjwa tu. Nani atanifundisha mimi kukaza nguo mwilini bila pini? Nimekulia kwenye kanga. Somo la kwanza la kuvaa toga katika kikundi kile nilifundisha mimi, na daktari wa meno alifunga shingo yake mwenyewe mara mbili kabla hajaelewa.

Sasa nashona yote kwa mkono. Kwanza napiga bandi, halafu narudia kwa mshono wa kurudi nyuma, uzi wa kitani nikiwa nimeupaka nta ya nyuki usichakae kwenye sufu. Kanzu moja inanichukua siku mbili. Ningetumia cherehani ningemaliza kabla ya adhuhuri.

Miaka mitano niliwavisha watu na kubaki kando ya barabara nikishika mifuko yao. Mwaka huu nikasema, na mimi nitaingia. Hapo ndipo mambo yalipochacha.

Kikundi chenyewe sitakitaja, si watu wabaya. Waliniita kwenye kikao, wakanitengea kiti, wakasema wamefikiria: nitakuwa Kleopatra. Nikawaambia Kleopatra alikuwa wa ukoo wa Kimasedonia, na alikuwa malkia wa Misri, na mimi nina miaka hamsini na nane na goti bovu. Basi kuhani wa Isis, mungu wa kike wa Misri. Basi mke wa mfanyabiashara kutoka Aleksandria, na dhahabu masikioni. Nikasema nataka kuwa nilivyo, fundi wa nguo. Wakakubali kwa furaha. Nikaongeza: na mafundi wa nguo wa nyumba kubwa za Roma wengi walikuwa watumwa, kwa hiyo nitaingia kama mtumwa.

Kimya. Karani wa posta, seneta wangu, akawa mwekundu kama ngao. Mwenyekiti akasema kwa upole kwamba haitapendeza. Watu watapiga picha. Wataona mwanamke mweusi nyuma ya Wazungu waliovaa vizuri, na watafikiri vibaya.

Ukweli ni kwamba alikuwa na hoja, na maelezo yenu chini ya picha yamempa ushindi. Lakini nilimuuliza swali ambalo mpaka leo hajanijibu: katika watu hamsini wa kikundi chako, mtumwa ni nani? Tukahesabu. Askari ishirini na sita. Maseneta saba. Mabikira wa Vesta sita, akiwemo mmoja mwenye wajukuu. Wapiganaji, wake wa wakubwa, kuhani, mpiga tarumbeta. Mtumwa hakuna. Mji uliokandwa, kupikwa, kufuliwa na kunyonyeshwa na watumwa, siku yake ya kuzaliwa kila mtu amezaliwa bwana. Na wapiganaji wenyewe, ambao kila mtoto anataka kupiga nao picha, wengi wao walikuwa watumwa, ila upanga umewasafisha.

Hata hilo la rangi si kama watu wanavyodhani. Watumwa wa Roma walitoka kila pahali jeshi lilipopita: Galia (Ufaransa ya leo), Ujerumani, Ugiriki, Shamu, Uthrasi kule Balkani, na Afrika pia. Wengi wao ungewaweka leo kwenye kituo cha basi Milano usingewageukia. Na nguo haikuwatenga. Seneca, mwanafalsafa wa Roma ya kale, ameandika kwamba siku moja Seneti ilipendekeza watumwa wavalishwe vazi la kuwatambulisha, kisha ikaonekana ni hatari, kwa kuwa "watumwa wangeanza kutuhesabu" sisi mabwana zao. Maneno hayo niliyaandika kwenye karatasi nikayabandika juu ya meza yangu ya kukatia. Mwenye nyumba wangu anadhani ni sala.

Hapo, dada, ndipo mawazo yangu yalipokwenda nyumbani. Kwetu Pangani nguo ilisema. Bibi yetu hakuvaa kaniki, hata shambani, hata ya kufungia mzigo kichwani. Tulidhani ni maringo. Baadaye nilielewa kwamba kaniki ilikuwa nguo waliyovaa wanawake wa utumwani, na watu walipoachiwa huru jambo la kwanza walilofanya lilikuwa kununua kanga yenye maua. Mashamba ya miwa ya bonde la mto Pangani hayakulimwa na malaika. Lakini ni nani mtaani kwetu atakuambia bibi yake alikuwa upande gani? Sote tumetoka kwa Waungwana. Ukitutazama sisi wa Pwani tukijieleza, nasi tuna maseneta tu.

Kwa hiyo nilijua dada angekasirika. Nilijua, na niliingia.

Mwenyekiti nilimpata kwa ushahidi. Nilimpeleka kwenye makumbusho ya Bafu za Diocletiano, karibu na stesheni ya Termini. Kuna pete ya chuma ya shingoni. Si kubwa, ingenitosha mimi, nina shingo nyembamba. Inaning'inia kibati cha shaba, mviringo, na maandishi yaliyochongwa haraka haraka: "Nimetoroka, nishike. Ukinirudisha kwa bwana wangu Zoninus utapata sarafu ya dhahabu." Jina la bwana limo. La aliyeivaa halimo. Nilisimama pale nikaangalia ukingo wa chuma, upande unaogusa ngozi, kama ninavyoangalia kola ya shati la mteja kuona limelika wapi. Mwenyekiti alisoma kibati mara mbili, ya pili akisogeza midomo. Tulipotoka alininunulia kahawa na hatukuzungumza.

Halafu nikamwonyesha, safari hii kwenye kitabu, majina ya watu wa nyumba ya Livia, mke wa Kaisari Augusto. Kaburi lao la pamoja lilifukuliwa Via Appia mwaka 1726. Lilikuwa na vijishimo ukutani kwa ajili ya vyungu vya majivu, na chini ya kila kimoja kibao chenye jina na kazi: huyu mkunjaji wa nguo, huyu msusi wa nywele, huyu *sarcinatrix*, yaani mwanamke anayeshona na kutia viraka. Watumwa na walioachiwa huru, na kazi imeandikwa. Yule wa pete hana jina, huyu wa sindano analo. Nilimwambia mwenyekiti: mimi ni huyu. Ukinitaka nitembee na nyinyi nitatembea hivi, ukikataa nitabaki na mifuko.

Akakubali, kwa sharti kwamba na wengine wawe watumwa. Daktari wa meno alijitolea kubeba kitabu cha seneta. Mwalimu wa hesabu akasema amechoka kuwa bikira, akachukua mtungi wa maji. Tukawa watatu, mweusi mmoja na weupe wawili. Picha yenu imewakata hao wawili.

Kuna wenyeji wa Roma wasioipenda siku hii, na sababu wanayo. Utawala wa dikteta Mussolini uliifuta Mei Mosi ukaifanya tarehe 21 Aprili kuwa sikukuu ya wafanyakazi, ili fundi bomba asherehekee Kaisari badala ya mshahara. Na njia ya maandamano inaanzia hatua chache kutoka mahali uliposimama mnara wa mawe wa Aksum, walioupora Ethiopia na kuusimamisha Roma mwaka 1937. Nilipofika mwaka ule wa 2003 ndio ulikuwa unashushwa. Ulirudishwa kwao mwaka 2005 ukiwa vipande vitatu, na mwaka 2008 ulikuwa umesimama tena. Kila mwaka nikipita hapo huangalia juu, kama mtu anayetafuta saa iliyoondolewa ukutani. Wenzangu wengi hawajui kwa nini.

Basi siku yenyewe. Nilivaa kanzu ya sufu ya kahawia, makubadhi ya ngozi, kitambaa kichwani. Kikapuni niliweka sindano mbili za mfupa na moja ya shaba, kidonge cha nta, uzi, na mkasi wa chuma wa kipande kimoja unaobana kama koleo, hauna msumari katikati. Askari wana viatu vyenye vichwa vya misumari chini, na wakitembea mia kwa pamoja juu ya mawe unasikia mlio tumboni kabla ya masikioni. Nilitembea nyuma ya seneta wangu, nikiutazama mshono wangu ukicheza kwenye kisigino chake.

Watu walinipiga picha kidogo kuliko askari, hilo nililitegemea. Mtoto mmoja wa kike aliniuliza mimi ni nani. Nikamwambia ni mtumwa wa Livia, nashona nguo zake. Akauliza kama Livia ananilipa. Nikasema hapana, ila naweza kupewa vijisenti nikaviweka akiba nikajinunua mwenyewe, na kwamba wanaume wakiachiwa huru huvaa kofia ya sufu iliyoshindiliwa kuonyesha kwamba wako huru. Akafikiri, akauliza, "Bei gani?" Mama yake akamvuta.

Kisha ukanda wa mpiga tarumbeta ukakatika, mstari mzima ukasimama. Askari wote na silaha zao hakuna aliyekuwa na kitu cha maana. Nilipiga goti zima, nikaacha lile bovu lijinyooshee kando, nikautoboa ukanda kwa sindano ya shaba na kuupitisha uzi mara nne. Kijana alikuwa na jasho na aibu. Nilipoinuka na kikapu changu ndipo mpiga picha alipotuchukua.

Dada ameuliza swali moja la haki: yote hayo yanatuhusu nini sisi? Namjibu kwa kazi yangu. Katika karne ya kwanza, mfanyabiashara mmoja wa Misri iliyotawaliwa na Roma aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa bandari, na mwongozo huo unafika hadi pwani yetu, aliyoiita Azania. Soko la mwisho la pwani hiyo aliloliandika ni Rhapta. Anasema jina lilitokana na mashua zake zilizoshonwa. Si kupigiliwa misumari, kushonwa, kama mitepe aliyotusimulia babu. Wataalamu wanabishana Rhapta ilikuwa wapi, wengine wanasema delta ya Rufiji, wengine wanautaja mto wetu Pangani, na mimi sitajifanya mwamuzi ingawa mnajua kura yangu iko wapi. Vilivyotoka huko ni pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Vilivyoingia ni mikuki, mashoka, visu, vyombo vya kioo, na ngano na divai kidogo za kuwafurahisha wenyeji. Basi Roma ilipotujua mara ya kwanza ilitujua kwa mshono.

Naomba marekebisho mafupi, Mhariri. Si filamu: ni sherehe ya kuzaliwa mji. Si mapumziko: ni matengenezo ya kiatu. Na penye "mtumwa kutoka Afrika" andikeni "mshona nguo wa nyumba ya Livia", dada atalikata na kulihifadhi.

Kosa la kweli kwenye ile picha hamkuliona, na mwalimu wa hesabu aliliona siku hiyo hiyo: kikapu. Ni cha ukindu, nilikinunua sokoni Pangani nilipokuja likizo. Anasema vikapu vya Roma vilisukwa kwa fito nyembamba. Nimemwambia Misri walisuka kwa majani ya mitende, na meli za Misri zilifika Roma kila mwaka na ngano, sasa kikapu kimoja kingeshindwaje kupanda? Bado tunabishana. Mwakani nitakwenda nacho tena.

Fundi wa nguo, mzaliwa wa Pangani
Roma, Italia